Macho Mekundu ya Mkwe

Watu wote walimwita Mama Mito, hata wale wasiojua kwamba jina hilo lilitokana na kazi. Miaka na miaka alishona magodoro na mito ya sufi kwa mkono wake mwenyewe, na aliyelalia kazi yake mara moja hakutaka tena kulala pengine. Magoti yalipoanza kumgomea, mwanawe wa pekee alimwambia, "Mama, sasa basi. Funga kazi uje ukae nasi." Akakataa kidogo, maana kukubali upesi nako si vizuri, kisha akavingirisha sindano zake katika kitambaa, akahamia kwao.

Mwanawe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mrefu, mpole, mwenye usingizi mzito kama gogo. Mkewe alikuwa fundi saa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na kibanda kidogo chini ya ngazi za jengo la maduka, na mikono iliyotulia kiasi kwamba angeweza kuchukua skrubu ndogo kuliko punje ya mtama na kuirudisha mahali pake bila kushusha pumzi.

Mama Mito alimpenda binti yule tangu siku alipoletwa kutambulishwa. Alikuja na shangazi yake tu, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa bado hajajua hata kutembea. Alikaa ukingoni mwa kiti, akajibu kila swali kwa sauti ya chini, na wageni walipoanza kuaga, wakakuta vyombo vyote vimeshaoshwa na hakuna aliyemwona akinyanyuka. "Huyu ni wangu," Mama Mito aliwaza. Ndoa ilipokaribia akawashonea godoro na mito miwili. Sufi aliichagua mwenyewe, akaichambua mbegu hadi kucha zikamuuma, akaishindilia kwa kipimo ambacho hakuwahi kumpa mteja yeyote. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake, na waliilalia tangu siku hiyo.

Sasa, hakuwa amekaa sana katika nyumba ile alipoona jambo lililomnyima raha. Kila asubuhi mkwe wake alitoka chumbani macho mekundu, kope zimevimba, ncha ya pua inang'aa kwa kufutwafutwa. Na kabla hajatoka, kupitia ukuta, alisikika akivuta kamasi taratibu, kama mtu anayejificha asisikike.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Mafua tu."

Kesho yake mafua tu. Mtondo wake mafua tu. Mvua zikaja mafua, zikaisha mafua.

Mama Mito hakuwa mtoto mdogo. Enzi za ujana wake, mumewe alipokuwa bado na mkono mwepesi, umri haujamtuliza, naye aliamka na macho ya namna ile ile. Mama mkwe wake alimwuliza ana nini, akajibu, "Moshi wa jiko, mama." Jiko lenyewe halikuwa limewashwa. Mama mkwe alimtazama, akajua, kisha akainamisha kichwa akaendelea kuchambua mchele. Miaka yote hiyo, kilichobaki kikimuuma Mama Mito si makofi. Ni ule mchele. Akajiapia kwamba siku akiwa mama mkwe, yeye hatachambua mchele mtu analia mbele yake.

Basi akaanza upelelezi. Alimchunguza mwanawe mezani, akamchunguza akivua viatu, akamchunguza akimwita mkewe. Hakuona kitu. Mwalimu alikuwa yule yule, anacheka na redio, anasahau miwani kichwani. Lakini Mama Mito alijiambia kwamba hata marehemu baba yake Mwalimu alikuwa mcheshi kwa majirani. Akaanza kumwadhibu polepole. Chai ya kwanza, iliyokolea, akawa anampa mkwe. Mwalimu alipata ya mwisho, ya kusuuzia birika. Mashati yake hakuyagusa tena kwa pasi. Mwalimu aliona mambo yamebadilika, ila kwa kuwa alilelewa kutouliza kuhusu chakula, akanyamaza, akawa anakwenda shule na mikunjo mgongoni.

Hatimaye, siku ya mapumziko, mkwe yuko kibandani, Mama Mito akafunga mlango wa sebule.

"Kaa hapo."

Mwalimu akakaa.

"Unamfanya nini mtoto wa watu?"

"Nani?"

"Usiniulize nani! Ndani ya nyumba hii kuna watoto wa watu wangapi? Nakuuliza, unamfanya nini? Kila siku ya Mungu anaamka macho yamemwiva kama pilipili. Mimi ni mtu mzima. Najua mwanamke akilia."

Mwalimu akavua miwani. "Mama, mimi? Mimi hata mende simgusi, nakuita wewe!"

"Mende si mkeo."

"Ana mafua, mama."

"Mafua ya mwaka mzima? Umewahi kuona wapi mafua yenye kuweka makazi?"

Hapo uso wa Mwalimu ukabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu aliyepiga hesabu upya na kuona alikosea tangu mstari wa juu. "Sijui, mama," akasema polepole. "Nimemzoea hivyo. Tangu tuoane yuko hivyo. Nilidhani ndivyo alivyo."

Mama Mito alimwamini nusu. Ile nusu nyingine akaibeba, akaifunga na kitambaa chake kichwani, na kesho yake akakongoja na magoti yake hadi kwenye jengo la maduka.

Alimkuta mkwe wake ameinama kwenye meza, taa ndogo inammulika mikono, lenzi imebanwa jichoni, saa ya kike imefunguliwa mbele yake kama samaki aliyepasuliwa. Hakumwita. Alisimama kando ya ngazi akamtazama akifanya kazi, akaona fahari kama ya mama mzazi. Kisha akaona ule uso ukikunjamana. Mkwe akageuza shingo haraka, akaweka kiwiko mdomoni, lakini wapi. Chafya ikatoka, ikafuatwa na ya pili, ya tatu, mfululizo, kama mtu anayekimbizwa. Meza ikatikisika. Kitu kidogo kikalia *ti* sakafuni.

"Skrubu!" mkwe akapiga kelele, na ndipo alipomwona mgeni wake. "Mama! Usisogee! Tafadhali usikanyage!"

Wakajikuta wote wawili wamepiga magoti chini ya meza, Mama Mito akigugumia kwa maumivu, wakipapasa saruji kwa viganja. Ilikuwa Mama Mito aliyeipata, imejibana kwenye ufa. Vidole vilivyozoea kutafuta sindano havipotezi kitu. Aliishika, lakini hakuitoa.

"Kwanza nijibu," akasema, wakiwa bado chini kule, uso kwa uso. "Mwanangu anakupiga?"

Mkwe alimkodolea macho, jicho moja bado lina alama ya duara la lenzi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini kabisa, akacheka hadi machozi, safari hii ya kweli, yakamchuruzika. "Yule? Mama, yule? Juzi amemwomba msamaha kiti alichokigonga!"

"Basi unalia nini?"

"Silii. Pua, mama. Ni hii pua." Akajifuta. Na kwa kuwa walikuwa chini ya meza, mahali ambapo ni vigumu kujifanya, akasema yote. Kila alfajiri pua inamwasha kama ina mchanga, macho yanawasha, chafya zinaanza, kisha inaziba kabisa. Anapumua kwa mdomo hadi koo linakauka. Kichwa kizito siku nzima. Hapo awali alinunua matone duka la dawa, yakamfungua pua papo hapo, akafurahi; sasa asipoyatia kila baada ya muda mfupi, pua inafungwa kama mlango wenye komeo. Akatoa kichupa mfukoni kuonyesha. Kilikuwa kimechakaa kwa kushikwa.

"Na hospitali?"

Mkwe akatazama pembeni. "Mafua tu, mama. Mtu anakwendaje hospitali kwa mafua?"

"Anakwenda kwa miguu. Au kwa gari. Mficha maradhi, mwanangu, unajua humfika nini. Hii hapa skrubu yako. Asubuhi tunakwenda."

Walikwenda wote watatu. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akavaa shati lililopigwa pasi, kwa sababu Mama Mito alikuwa amemsamehe jana yake jioni bila kumweleza kwa nini.

Daktari wa pua, masikio na koo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamsha mtoto bila kumshtua. Akamwamkia Mama Mito kwanza, akamtafutia kiti, kisha akamgeukia mgonjwa. Alimulika tundu moja, akamulika la pili, akaguna. Akauliza maswali mengi: chafya zinakuja saa gani, macho yanawasha, kifua kinabana, kuna paka nyumbani, kuna mtu anavuta sigara. Mkwe alijibu vizuri, moja baada ya jingine. Kisha daktari akauliza:

"Ukilala kwingine, tuseme umesafiri, unakuwaje?"

Mkwe akamtupia Mama Mito jicho la upesi, akalirudisha sakafuni. "Sikumbuki."

Mama Mito alilinasa lile jicho. Hakulielewa, ila alilinasa.

"Si ulikaa kwa shangazi yako alipougua?" Mwalimu akasema. "Uliporudi ulisema..."

"Sikumbuki," mkwe akarudia, safari hii kwa mkazo, na Mwalimu, ambaye si mwepesi lakini si mjinga, akaliacha hapo.

Daktari aliwatazama kwa zamu. Akasema kuna kipimo kidogo cha ngozi, hakiumi zaidi ya kuchomwa na mwiba. Akahakikisha kwamba mgonjwa hajameza kidonge chochote cha mafua siku za karibuni. Akaulaza mkono wake mezani, akaudondoshea matone ya majimaji mbalimbali, kila tone na alama yake, na katika kila tone akachoma ngozi kidogo sana kwa ncha ya plastiki. "Sasa tusubiri. Usikune."

Hilo la kutokuna ndilo lililokuwa gumu. Mama Mito aliushika mkono wa mkwe wake kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kuku asirukie mchele, wakatazama wote. Tone la chavua halikufanya kitu. La paka halikufanya kitu. La mende halikufanya kitu, na Mwalimu akashusha pumzi. Lakini moja, karibu na kiwiko, likaanza kuwa jekundu, likavimba, likainuka kama palipoumwa na mbu mkubwa.

"Ndiye huyu," daktari akasema. "Utitiri wa vumbi."

"Utitiri naujua wa kuku," Mama Mito akasema.

"Huu ni ndugu yake, mama, ila hauonekani kwa macho. Hauumi mtu, wala si uchafu. Uko nyumba zote, hata yangu. Unakula ngozi inayotupukutika tukiwa tumelala. Wengi wetu hatudhuriki. Ila kuna watu miili yao ikikutana nao inauona kama adui, inapiga vita. Hizo chafya ndiyo vita yenyewe. Huo unaitwa mzio, wengine wanasema aleji." Akamgeukia mgonjwa. "Na unapenda zaidi kukaa kitandani. Mnalalia nini?"

"Godoro la kawaida tu," mkwe akasema haraka.

"Na mito?"

"Ya kawaida."

Hapo ndipo Mama Mito alipolielewa lile jicho. "Ni la sufi," akasema. "Na mito ni ya sufi. Nimeishona mimi."

"Mama..." mkwe akaanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Mito akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Nimekushonea ugonjwa, mwanangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hapana, mama. Nisikilize vizuri. Ungewanunulia godoro la dukani la bei yoyote, likakaa miaka hiyo hiyo, mambo yangekuwa haya haya. Wadudu hawachagui fundi. Wewe ulishona kitanda. Hawa wamehamia tu." Na aliposema hivyo alimshika Mama Mito goti, lile bovu zaidi, kama vile alijua.

Kisha akaeleza matibabu. Kwanza, matone ya dukani yaache. Hayo ndiyo yanayofunga pua siku hizi, maana pua ikiyazoea hulipiza kisasi. "Siku za mwanzo utateseka, utanilaani. Vumilia." Badala yake, dawa ya kupuliza puani kila siku, ujisikie vizuri usijisikie vizuri. Hii haifungui pua leo kwa leo. Inatuliza uvimbe taratibu, wiki kwa wiki. Na kidonge cha mzio siku ikizidi, kile kisicholeta usingizi, kwa sababu mtu hawezi kutengeneza saa za watu huku anasinzia. Akamwonyesha namna ya kupuliza: tikisa chupa, inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza dawa upande wa sikio, si katikati, vuta pumzi kidogo tu. "Ukivuta kama unanusa chakula, dawa yote itaishia kooni." Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto. Mito ibadilishwe. Godoro libadilishwe likiwezekana, na jipya livalishwe ganda la kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, wadudu wasipite.

Nyumbani, Mama Mito aliingia chumbani kwake, akakaa kitandani, akaitazama mikono yake. Kupitia ukuta alisikia wawili wale wakinong'ona, kisha sauti ya mkwe ikapanda: "Siitupi! Nimesema siitupi! Nitapuliza dawa, nitakunywa vidonge, lakini mito ile haitoki humu!"

Mama Mito akanyanyuka. Akafungua kitambaa chake cha sindano, akachukua mkasi.

Aliwakuta wamesimama, mmoja upande huu wa kitanda na mmoja ule. "Mwanangu," akamwambia Mwalimu, "beba godoro na mito yote, upeleke uani. Na wewe," akamgeukia mkwe, "usitie mguu nje. Vumbi litatimka. Funga dirisha, ukae nyuma ya kioo."

"Mama, sitaki..."

"Sijakuuliza unataka nini."

Akajifunga kitambaa puani, akakaa kwenye kiti kifupi uani, akautia mkasi kwenye mshono wa mto wa kwanza. Ulikuwa mshono mzuri. Ilibidi aufumue kama anayemvua mtoto nguo akiwa amelala. Sufi aliyoijua nyeupe, inayong'aa kama hariri, ilikuwa imeshikana na kuwa ya kijivu, na alipoigusa, vumbi jembamba likapaa kwenye jua. Akaanza kuitia kwenye gunia. Mkwe alisimama nyuma ya kioo, kiganja kimebandikwa hapo.

Simu ikalia mfukoni mwa Mama Mito. Akaitoa, akaishikilia mbali aone jina. Akainua macho. Mkwe wake, hatua chache kutoka pale, alikuwa na simu sikioni.

"Haloo?" Mama Mito akasema.

"Mama." Midomo ilisogea nyuma ya kioo, sauti ikatoka sikioni. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni kitanda. Nilipolala kwa shangazi, nilipona. Niliporudi, asubuhi yake tu, chafya. Nikajua. Sikutaka kujua."

"Sasa ulinyamaza miaka yote hii kwa sababu gani, mtoto wewe? Uliniogopa?"

Mkwe akatikisa kichwa. Mama Mito aliona kwa nini alipiga simu badala ya kufungua dirisha. Kuna maneno yanayopita kwenye waya kirahisi kuliko hewani. "Sikuwahi kushonewa kitu na mtu, mama. Hata gauni la shule. Shangazi alininunulia vyote, hakuninyima, lakini vilikuwa vya dukani. Siku ya harusi yangu nilipolaza kichwa kwenye ule mto, nikapapasa mshono gizani. Nikasema, kumbe hivi ndivyo ilivyo. Sasa ningekuambiaje kwamba unaniumiza?"

Mama Mito alivuta kile kitambaa cha puani kikapanda hadi machoni. Mwalimu, aliyekuwa ameshika mdomo wa gunia, akawatazama wote wawili, mmoja analia huku na mwingine analia kule, akasema, "Sasa ninyi mtaniambia hayo nayo ni mafua?"

"Shika gunia!" Mama Mito akamkemea. Kisha akaongea kwenye simu. "Sikiliza. Mikono bado ipo. Mto si mama. Mama ni mimi hapa nimekaa uani na magoti yangu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya, kata simu, vocha inaliwa."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kama daktari alivyosema. Bila matone, pua ya mkwe ilifunga ikafunga. Alitembea mdomo wazi, akasema *babbaa* badala ya *mama*, na mara mbili Mama Mito alimkuta akipekua begi lake akitafuta kile kichupa, ambacho Mama Mito alikuwa amekitupa mwenyewe. Asubuhi na jioni alimchemshia maji, akayapoza, akakoroga chumvi kidogo, mkwe akainama kwenye beseni akajisafisha pua. Mara ya kwanza maji yalipoingia tundu hili yakatokea lile, Mama Mito alipiga yowe kama anayeita majirani wote. "Mwili huu! Kumbe una mifereji!" Na kila mkwe alipochukua chupa ya kupuliza, sauti ilitoka jikoni: "Kichwa chini! Elekeza sikioni! Usinuse kama unanusa mchuzi!"

Wakati huo huo alitafuta kile kitambaa. Alizunguka maduka, akikishika kila kimoja, akikinyanyua kwenye mwanga, akikipulizia pumzi aone kama itapita, hadi wauzaji wakaanza kumwonea shaka. Alichokipata kilikuwa kizito na chenye kubana hasa. Akashona ganda la godoro jipya, zipu upande mmoja, mshono mara mbili. La kwanza lilikuwa na kelele kama gunia la plastiki. Mwalimu akijigeuza usiku, nyumba nzima inajua. Mama Mito akalifumua, akatafuta kitambaa laini zaidi, akaanza upya bila kinyongo. Lile ganda la nguo la mto wa zamani mkwe alimwomba asilitupe. Wakalichemsha, wakalianika, likaenda kibandani. Likatandikwa juu ya meza ya kazi, na skrubu zikawa hazibingiriki tena.

Nafuu ilikuja kwa kuchungulia. Kwanza ikawa chafya tano badala ya kumi na kitu. Kisha asubuhi moja macho yalikuwa macho tu. Walipomrudia daktari, alimulika pua akafurahi, akasema dawa iendelee, isiachwe kwa sababu ya kujisikia vizuri. Akasema pia kwamba huu si ugonjwa wa kuagana nao kama malaria, ni wa kuishi nao kwa adabu. Na kwamba yapo matibabu mengine ya muda mrefu, ya kuufundisha mwili kuzoea, kama siku moja watahitaji. Mkwe akasema kwa sasa anatosheka. Siku ya kufagia chini ya vitanda bado hupiga chafya, na kazi hiyo sasa ni ya Mwalimu.

Hapo kati likatokea jambo ambalo hata daktari hakuwa amelitaja. Mama Mito alikuwa sebuleni akitunga uzi, maziwa yako jikoni, naye ameyasahau kabisa. Mkwe akatoka chumbani mbio, miguu mitupu.

"Mama! Maziwa yanaungua!"

Na kweli, yalikuwa yameungua, sufuria imeshakuwa nyeusi. Mama Mito akakimbilia jiko, akazima, akaanza kujilaumu. Lakini mkwe wake alibaki amesimama mlangoni, hasogei, mkono puani.

"Nimenusa," akasema. "Mama, nimenusa nikiwa chumbani."

"Kwani zamani ulikuwa hunusi?"

"Nilidhani nanusa. Sikujua kwamba... Mama, vitu vina harufu!"

Akaanza kuzunguka nyumba. Akanusa sabuni, akanusa kitabu. Akalifungua kabati, akatumbukiza uso katika mashati ya mumewe, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyo lazima, akatoka anacheka kwa aibu. Alinusa mlango, akanusa chaki kwenye mkoba wa Mwalimu, akapiga chafya moja ya haki, akaendelea. Mama Mito alimfuata nyuma na mwiko mkononi, haelewi acheke au asikitikie miaka yote ile.

"Na mimi?" akauliza hatimaye, akijifanya anafuta mwiko. "Mimi nanukia nini?"

Mkwe akamsogelea, akamkumbatia, akaweka pua shingoni mwake, pale chini ya sikio, akavuta pumzi ndefu kwa matundu yote mawili. Akatulia. Mama Mito alisimama wima kabisa, kama mteja anayepimwa gauni, akisubiri.

"Kitunguu," mkwe akasema.

"Kitunguu!"

"Na nguo iliyotoka kwenye pasi. Na kitunguu tena."

Mama Mito akamchapa mgongoni na mwiko, kidogo tu, lakini hakumwachia.